Bafu la Mtu Mmoja

Sakafu ya bafu la ghorofa ya tatu ilikuwa imeoza, na Fundi alikuwa amepiga magoti juu yake.

Alikuwa amebandua vigae sita tu. Kazi ilikuwa kubandua vyote na kupiga vipya, vyeupe, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa amepata mnunuzi. Kigae cha sita kilitoka na kipande cha zege. Zege lilikuwa limelowa. Alilifinya likapukutika mkononi kama mkate ulioangukia kwenye beseni. Ndani yake kulikuwa na nondo, au kitu kilichokuwa nondo siku kilipowekwa. Sasa ilikuwa maganda mekundu, na katikati yake uzi mwembamba kama njiti ya ufagio.

Akageuza mwiko, akaanza kugonga sakafu kwa mpini. Sakafu iliyo nzima hujibu kwa sauti fupi, kavu. Hii iliitika kama debe. Akagonga, akasikiliza, akapiga chaki, akagonga tena. Mstari wa chaki ulianzia kwenye tundu la maji machafu, ukapita chini ya bomba, ukazunguka, ukaishia hatua moja kutoka mlangoni. Hapo ndipo alipotambua kwamba yeye mwenyewe alikuwa katikati ya mduara. Alirudi nyuma kwa makalio, taratibu, kama mtu anayemkimbia nyoka bila kutaka nyoka ajue. Alipofika ukumbini ndipo alipoinuka.

Bafu hilo lilikuwa lake pia. Kaya nne za ghorofa hiyo zililitumia, na yake ilikuwa mojawapo: yeye, mkewe, na mama yake mzazi. Dalili walikuwa wakiziona miaka yote. Rangi ya ukuta ilivimba kama lengelenge. Uvundo haukutoka hata kwa sabuni ya unga. Kwenye dari ya watu wa chini palikuwa na doa la kahawia lililozidi kupanuka. Kila mwaka msimamizi wa nyumba alileta kopo la rangi, doa likazibwa, likarudi. Msimamizi huyo wapangaji walimwita Risiti, kwa sababu hakuna aliyewahi kupewa hata moja.

Risiti alikuja mchana, akasimama ukumbini na viatu vyake visafi, akatazama chaki bila kuinama. Fundi alimweleza kwamba bomba la ndani ya ukuta limevuja miaka, kwamba slabu yote, zege la chini ya vigae, inapaswa kuvunjwa na kumwagwa upya, na kwamba kwa sasa angalau ziwekwe nguzo za kuishikilia kutoka chini.

"Nimekuita upige vigae," Risiti alisema. "Sikukuita upime nyumba."

"Mkubwa, watu wataanguka."

"Wameanguka?"

Fundi alimnyooshea kile kipande cha zege.

"Basi. Nguzo mnunuzi akiziona ataniuliza ni za nini, na mimi nitamwambia akuulize wewe. Wewe na mama yako mtakuwa mmeshahama."

Siku ya pili Fundi alikwenda ofisi ya majengo. Aliweka mezani kipande cha zege, kimefungwa kwenye gazeti. Afisa alikisukuma kwa kalamu, akamuuliza kama yeye ni mhandisi. Fundi akasema hapana, shule aliiacha darasa la sita. Afisa hakumcheka. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliomtisha Fundi zaidi.

"Nakuamini," alisema. "Lakini nikiandika, nyinyi mnatoka ndani ya saa ishirini na nne. Mwenye nyumba anapewa siku tisini za kujieleza. Niandike?"

Fundi alifikiria kaya zote za jengo lile, vitanda barabarani, mama yake juu ya kigoda kando ya mtaro. Akachukua zege lake, akasema atarudi.

Alipofika nyumbani alikuta chaki imefutwa. Sakafu ilikuwa imedekiwa, inang'aa kwa maji. Jirani yake, mshonaji mwembamba waliyemwita Sindano, alikuwa amesimama ukumbini na tambara mkononi.

"Ni mimi," alisema. "Alama zile akiziona mtu wa serikali tumekwisha. Ziba, kaka. Mimi nitaoga nimesimama mlangoni."

Akaziba. Alijaza saruji palipobomoka, akaweka vigae vyeupe, akavipanga kwa uzi, vikatoka sawa kuliko kazi yoyote aliyowahi kufanya. Alikuwa ameomba vigae vya kukwaruza. Risiti alinunua vya kuteleza, kwa kuwa vilimetameta.

Kisha kaya nne zikakubaliana, kwa minong'ono, milango imefungwa. Waingie mmoja mmoja. Ndoo moja. Asiyekuwa na lazima asivuke bomba. Mchukuzi wa mizigo, pande la mtu waliyemwita Kifaru, alihamia bomba la uani. Alisema yeye akikanyaga pale atawasalimia watu wa chini kabla hawajaamka. Walicheka, kisha wakaacha kucheka wote kwa pamoja. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini Fundi alisimama mlangoni, akajinyoosha, akagonga kwa mpini wa mwiko. Sindano alimuuliza, "Vipi leo?" kwa sauti ya mtu anayeuliza hali ya mgonjwa. "Yuleyule," Fundi alijibu, hata siku alizosikia mlio wa debe umesogea.

Mama hawakumwambia. Miaka sabini na tisa, moyo hauko sawa, wangemwambia nini? Zamani mkewe Fundi ndiye aliyekuwa akiingia naye, amshike kwapa, amsugue mgongo. Sasa walimwambia kuingia mmoja mmoja ni masharti ya bafu jipya. Walimletea beseni chumbani, akalikataa. Alisema hajafikia kuogeshwa kama kitoto, miguu anayo. Basi mkewe Fundi akawa anasimama nje na taulo, wanaongea kupitia mlango ulio wazi nusu.

Jumapili moja asubuhi, maongezi yakakatika. Kukafuata kishindo.

Fundi alitoka chumbani mbio, na baadaye alikumbuka kwamba jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kusikiliza kama kuna kishindo cha pili. Hakikuja. Mama alikuwa amelala ubavu, ng'ambo ya bomba, mguu umegeuka upande usiopaswa. Bomba lilikuwa wazi na maji yakimwagikia kifuani.

Mkewe aliruka. Fundi akamdaka mkono.

"Niachie."

"Haitawabeba wawili."

"Ni mama yako."

"Najua ni mama yangu," alisema, wala hakumwachia.

Milango mingine ikafunguka. Watu wazima watano walisimama kwenye kizingiti, wakitazama vigae kama watu wa ng'ambo ya mto. Kifaru alisema binti wa Sindano ni mwepesi, miaka minane tu, aingie amfunge bibi shuka, wao wavute. Sindano alimvuta mtoto nyuma yake, akamkandamiza ukutani kwa mgongo wake mwenyewe. Hakuna aliyerudia wazo lile, na hakuna aliyetoa jingine.

Mama alifungua macho. Akamtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Mwanangu," alisema. "Mbona mnanitazama tu?"

Hapo Fundi akakimbilia chumbani kwake. Alifungua mlango kutoka kwenye bawaba, skrubu moja baada ya nyingine, na mbili zilikuwa na kutu, bisibisi ikawa inateleza. Alimsikia mama akiita, kisha akamsikia haiti tena. Waliulaza mlango juu ya vigae ili uzito utawanyike. Akatambaa kwa tumbo, akafunga bomba, akampitishia shuka chini ya makwapa. Meno ya mama yalikuwa yakigongana. Alimvuta kidogo kidogo, sikio lake likiwa juu ya ubao. Sakafu haikulia hata mara moja.

Hospitali walisema nyonga imevunjika na mapafu yameshika baridi. Mama aliwauliza wote waliokwenda kumwona swali lile lile. Fundi alimwambia walikuwa wanatafuta shuka.

Juma la mazishi ya mama, mnunuzi akaja. Aliingia bafuni na Risiti, mpiga picha, na vijana wawili wa kupima. Watu watano kwa pamoja, na Fundi amesimama ukumbini na kitambaa cheusi mkononi, akingoja. Mmoja wa vijana aliruka mahali pamoja ili agonge bomba la juu. Mnunuzi alipitisha kiganja ukutani, akasema kazi ni safi, akauliza fundi ni nani. Risiti akasema ni mtu wao wa hapahapa. Waliondoka. Mwezi uliofuata kodi ikapanda, kwa sababu bafu ni jipya.

Bado wanaingia mmoja mmoja.

Kutoka kuanguka hadi kutolewa zilikuwa dakika kumi na moja. Sindano ndiye aliyetazama saa. Mfupa uliovunjika ulikuwa mmoja. Mama aliishi siku tisa. Vigae, vyote mia moja na nane, havikupata hata ufa.