Ngoma ya Kuwatoa Watoto

Tangu Esther amwambie kwamba siku ya kumbukumbu kila mwanafunzi wa zamani wa bweni atapewa kipaza sauti aseme anachotaka, Bimdogo alikuwa na neno moja tu kifuani. Alilala nalo, akaamka nalo, akapepeta mtama nalo. Hakumwambia mtu, hata Esther mwenyewe, mjukuu aliyemlea kwa mikono yake.

Neno lilikuwa hili: Desemba, shule zikifungwa, kitukuu wake Sikudhani, binti wa Esther, angechezwa unyago. Bimdogo alitaka safari hii na yeye aingie ndani.

Hakuwahi kuingia. Alichukuliwa kijijini kwao Makote akiwa mdogo, akapelekwa bweni la misheni chini ya mteremko, akaitwa Josephina. Mwaka ambao wasichana wa rika lake walichezwa, mama yake alishuka kwa miguu kwenda kumwombea ruhusa. Akaambiwa hayo ni mambo ya shetani, geti likafungwa. Mama akakaa nje ya geti mpaka jua likazama, na unga wa mtama aliokuja nao kwa ajili ya kumwombea mwali dua ukabaki umefungwa kwenye pindo la kanga. Bimdogo alimwona kupitia dirisha. Hakuthubutu kumpungia mkono.

Aliporudi kijijini alikuwa mtu mzima. Akaolewa, akazaa, na mila ya kwao haina mjadala: aliyekwisha kuzaa hachezwi tena. Binti zake walipochezwa, alikaa nje. Esther alipochezwa, alikaa nje. Alipika ugali wa makungwi akaufikisha mlangoni. Mlango ukafunguka kidogo, mkono ukatoka, ukachukua sufuria, mlango ukafungwa. Hakuna aliyemtukana. Walimwita tu "mtoto", kwa utani, naye alicheka pamoja nao, maana kutocheka kungeuma zaidi.

Siku yenyewe ikafika. Bweni lilikuwa limefungwa miaka mingi, paa moja limebomoka, mikorosho imeota mpaka ukutani na harufu ya mabibo imejaa uani. Turubai lilikuwa limefungwa, viti vya plastiki vimepangwa. Mstari wa mbele walikaa vikongwe watatu waliobaki, wamevalishwa kanga za sare: Bimdogo, Julia, na mwenzao mmoja asiyeona vizuri.

"Enzi zile tulikaa chini," Julia alinong'ona, "leo tumepewa viti. Tusubiri miaka mingine sitini, watatupa na mito."

Padri kijana alisimama akaomba radhi kwa niaba ya waliomtangulia. Shehe akasoma dua. Bimdogo aliwasikiliza kwa heshima. Lakini radhi ile ilimjia kama mvua ya ng'ambo: unaiona inavyonyesha kule, shamba lako limebaki kavu. Alikuwa akingoja kipaza sauti.

Mwalimu Ambrosi, mstaafu aliyeongoza kamati, alikuwa mtu mwema. Mama yake marehemu naye alipitia bweni lile. Akasema kwamba kabla wazee hawajazungumza, wangerudishiwa kile walichonyang'anywa. Uani pale ngoma ilikuwa haramu. Leo ingelia pale pale. Alizungumza kama mtu anayefungua zawadi.

Makungwi wakaingia, wakiongozwa na Anifa. Huyu na Bimdogo walikua pamoja. Siku ya kuchukua watoto, wazazi wa Anifa walimficha ghalani. Makungwi wakapiga ngoma za nje, zile za arusini, watu wakapiga makofi. Mgeni mmoja kutoka wilayani akafurahi mno, akaomba wasikie unyago wenyewe. Makungwi wakatazamana. Anifa alikuwa bado anatikisa kichwa kukataa, lakini Mama Abdulazizi, kungwi kijana, alikuwa amekwisha kunogewa. Akavuta ngoma kubwa, akaipiga mapigo mazito matatu, akanyamaza, akayarudia.

Kila mwanamke wa kule anaujua mlio huo. Ni ngoma ya kuwatoa watoto. Ikilia, asiyechezwa hangoji kuambiwa, anainuka anaondoka. Wanaume hawahesabiwi, hao hawaelewi hata wakisikia.

Wasichana wadogo waliruka kutoka kwenye mikeka, wakakimbilia nyuma ya jengo huku wakicheka. Watu wazima wakacheka nao, vigelegele vikapanda.

Kisha Julia akainuka. Hakuwa na utani tena. Mwenzao asiyeona akamshika bega. Bimdogo alijua angeweza kubaki. Nani angemtoa mgeni rasmi kwenye kiti chake? Lakini mwili ulikuwa umezoea. Vikongwe watatu wenye kanga za sare wakawafuata watoto nyuma ya jengo. Mwalimu Ambrosi, akidhani wamebanwa, akamwomba mtu awaonyeshe choo.

Kule nyuma, penye jiko la zamani, wasichana wakanyamaza. Sikudhani alikuwa miongoni mwao.

"Bibi," akauliza, "na wewe?"

"Na mimi," alisema Bimdogo.

Mtoto alimtazama, kisha akasogea, akampisha kivulini.

Kipaza sauti kikakwaruza. Mwalimu alikuwa akimwita Mama Josephina apite mbele. Akamwita tena. Halafu akasema bibi yetu amechoka, tuendelee na ratiba.

Ngoma ilikuwa imekatwa. Anifa akaja kwa kujikokota, mkono kiunoni, akawafukuza watoto warudi kwa mama zao; Julia na mwenzao wakawafuata taratibu, na Anifa akakaa chini karibu na Bimdogo.

"Yule kungwi kijana amekosea," alisema. "Na mimi nilichelewa kumshika mkono."

Kisha akamgeukia Bimdogo.

"Ungesema nini mbele kule?"

Neno la miezi yote lilitoka dogo kuliko alivyolibeba. "Desemba, kwa Sikudhani. Niingie."

Anifa akachora mchanga kwa kidole, akafuta. "Makungwi wenzangu hawatakubali, mwenzangu. Na nikikudanganya leo nitakuwa nimekuongezea uchungu. Mimi mwenyewe sijui kama nakubali. Ningependa nijue."

"Nilifungiwa geti, Anifa. Sikukataa mimi."

"Najua."

Upande wa pili watu walikuwa wakipiga makofi. Anifa akamshika kifundo cha mkono.

"Siku ya kutoka, mwali anafunikwa shuka, mtu asimwone mpaka afunuliwe na mama yake. Nitamleta kwako kwanza. Wewe ndiye utamfunua. Hilo naweza."

Bimdogo akafikiri juu ya shuka lile, na kile ambacho mtoto atakuwa anakijua chini yake, asichoweza kumwambia. Akamwona mama yake nje ya geti, pindo la kanga limefungwa.

"Mlete," alisema mwishowe. "Nitakuwa mlangoni. Nimekwisha kupazoea."

Anifa hakuondoka. Walipoitwa kwenye chakula, walikuwa bado wamekaa pale, wote wawili, nje.