Mtani Asiyetukanwa

Kila alipokutana njiani na Anselmo, dresa aliyetibu wagonjwa zahanatini, Swaumu alitua mzigo wake, akapiga goti, akainamisha kichwa na kusema, "Shikamoo, Bwana Dresa." Aliyatamka maneno hayo polepole, kama mtu anayesukuma mwiba ndani badala ya kuutoa. Na kila mara yule mwanamume mrefu, mwenye kaptura ya kaki na soksi zilizovutwa mpaka magotini, alisita, akaitikia "Marahaba" kwa sauti ya mtu aliyetukanwa mbele ya wakwe.

Mgeni angepita hapo angesema Mtimbula kuna watu wenye adabu. Mgeni hajui kitu. Anselmo alikuwa Mngoni wa Songea, Swaumu Mmwera, na baina ya Mngoni na Mmwera kuna utani. Babu zao walichomeana vijiji na kuibiana wanawake. Damu ilipokauka, wajukuu wakaona wasipocheka watachinjana tena, basi wakarithishana matusi mahali pa mikuki. Mtani humwita mtani wake mtumwa, mwizi, nyani. Humnyang'anya kofia sokoni na humla kuku wake bila kuomba. Na mtani huyo huyo ndiye anayekuchimbia kaburi, ndiye anayewachekesha waliofiwa mpaka wakumbuke kula. Mtani wako akiacha kukutukana, jua amekufuta miongoni mwa watu wake. Swaumu alikuwa amemfuta Anselmo kwa miaka sita, kwa magoti yake mawili.

Haikuanza hivyo. Mwaka wa arobaini na tisa, wakati matrekta ya mradi wa karanga yaking'oa misitu ya Nachingwea na wanaume wa Mtimbula wote wamekwenda kuwa vibarua huko, Hasani mume wa Swaumu akiwa mmoja wao, hapakuwa na mtu aliyechekwa kijijini kama dresa. Msimu wa mavuno wanawake walichukua boga kubwa, wakalivika kofia ya mtoto, wakalifunga kwa kanga, wakamwendea Anselmo adhuhuri wakilia kwamba mtoto wa Swaumu anakata roho. Anselmo aliacha ugali wake, akakimbia na funguo mkononi, akafungua zahanati, akafunua kanga. Vigelegele vilisikika mpaka mtoni. Mwenyewe alicheka hata akakaa chini. Jioni alilipika lile boga, na kesho yake akapeleka mbegu zake kwa Swaumu zimefungwa kwenye jani. "Mtoto ametutoka," alisema kwa uso wa msiba. "Wajukuu hawa hapa."

Wiki tatu baadaye Zena, mtoto halisi wa Swaumu, aliyekuwa na miezi minane, aliamka ana joto. Ilikuwa Jumamosi. Saa saba mchana macho yake yaligeuka juu, yakaacha weupe mtupu, na mikono yake ikakakamaa kama vijiti. Swaumu alimfunga kifuani, akakimbia.

Zahanati ilikuwa imefungwa tangu saa sita. Juu ya mlango palikuwa na ubao ulioandikwa saa za serikali, kana kwamba homa nayo ilikuwa karani. Serikali iliyoweza kuleta vyuma kutoka ng'ambo na kuung'oa msitu mzima ili Waingereza wapate mafuta ya kukaangia, haikuwa na mtu wa kumtazama mtoto Jumamosi alasiri. Ilikuwa na ubao tu.

Anselmo alikuwa barazani kwake, nyuma ya zahanati, akipiga pasi ya mkaa kaptura yake ya kanisani.

"Mtani, nisaidie, mtoto anakufa."

Hakuinua macho. "Leo boga lina homa?"

"Naapa kwa Mungu, ni Zena."

"Hata siku ile uliapa, mtumwa wangu. Tena ulilia vizuri kuliko leo."

"Njoo umguse basi! Mguse tu!"

"Nimguse niambiwe ni tikiti?" Kutoka jikoni mkewe, Lusia, aliangua kicheko. "Lirudishe shambani likaive. Jumatatu saa moja asubuhi nitalitazama."

Alicheka. Swaumu alimtazama akicheka na kupitisha pasi kwenye ukingo ule ule wa kitambaa, mara moja, mara mbili, mara tatu. Kifuani pake mtoto alikoroma kama maji yanayokwama kwenye kata. Swaumu aligeuka. Alishika njia ya Nachingwea.

Alitembea mpaka kivuli chake kikawa kirefu kuliko yeye. Lori la mapipa ya dizeli lilipotokea, hakupunga mkono; alisimama katikati ya barabara. Dereva, Dastani, kijana wa Masasi mwenye masizi mpaka kwenye kope, alikanyaga breki na kutoa kichwa nje.

"Dada, umechoka kuishi? Gari hili halipakii watu!"

"Basi usipakie watu, kaka yangu. Pakia maiti wawili."

Dastani aliutazama mkono mdogo uliochomoza kwenye kanga, umekunjwa ngumi. Akafungua mlango. "Panda. Tukiulizwa, wewe ni pipa. Pipa halijibu maswali."

Walifika wakati wa magharibi. Kwenye kambi ya vibarua palikuwa na chumba kidogo cha dawa, nacho kimefungwa. Mhudumu aliyefungiwa ndani asugue sakafu, Myao mzee aliyeitwa Saburi, alizungumza kupitia dirishani.

"Ufunguo anao daktari, na daktari hayupo."

Swaumu alifungua kanga kifuani. Alimpitisha mtoto katika uwazi wa nondo za dirisha, akauachia ule mwili mdogo mikononi mwa mtu asiyemjua, kisha akashika nondo kwa mikono miwili ili asianguke.

Mzee alimweka Zena mezani, akamsikiliza kifuani kwa sikio lake mwenyewe. "Mlango una saa zake," alinong'ona. "Dirisha halijaandikiwa kitu." Akavunja kichupa cha kwinini.

Zena hakufa. Siku ya tatu alinyonya, na Hasani, aliyekuja mbio kutoka porini na vumbi lake, alilia bila haya. Saburi hakufurahi sana. "Homa imekaa kichwani saa nyingi mno, binti yangu," alisema. "Tumtazame." Swaumu hakuelewa atazame nini mpaka mvua za mwaka uliofuata, radi ilipopasua mwembe wa jirani, kuku wakakurupuka, watoto wote wakajificha mvunguni, na Zena, aliyekuwa akichezea kijiko mlangoni, hakugeuza hata shingo.

Siku hiyo Swaumu alikwenda kwa mjomba wake, Shaibu, mkubwa wa ukoo. Hakulia. Alisema anataka ukoo mzima umheshimu dresa.

"Utani si mali yako peke yako, mwanangu," alisema Shaibu. "Tumeukuta, tutauacha."

"Siombi mumpige, mjomba. Wala msimroge. Mheshimuni tu."

Mzee alimtazama mpwa wake, kisha akamtazama yule mtoto aliyekuwa akipiga sufuria kwa mwiko na kushangaa kwa nini watu wanakunja nyuso. "Hiyo adhabu ni kubwa," alisema. Lakini hakukataa.

Basi Anselmo akaheshimiwa. Alipopita, vikao vilisimama. Alipomnyang'anya mtu muwa sokoni, alipewa na wa pili. Siku moja alipaza sauti katikati ya gulio, "Enyi Wamwera, leo mmekula nini hata mnanuka adabu?" na Swaumu akajibu kwa upole, "Tumekula salama, Bwana Dresa. Ahsante kwa kutujali." Hakuna aliyecheka. Aliomba uhamisho mara mbili, serikali ilinyamaza. Akakonda. Akawa anafungua zahanati kwa mlango wa nyuma hata Jumapili, hata jua likizama, naye alishukuriwa kwa heshima zote.

Kuna jambo ambalo Swaumu hakumwambia yeyote, hata Hasani. Lile wazo la boga lilikuwa lake. Yeye ndiye aliyelichagua shambani, ndiye aliyelivika kofia, na kofia yenyewe ilikuwa ya Zena. Kila alipopiga goti mbele ya dresa, alimsukumia mwiba, na ncha ya pili ikamrudia mwenyewe. Ndiyo maana aliusukuma kwa nguvu.

Mwaka wa hamsini na sita mama yake Anselmo, aliyekuja kutoka Songea kuishi na mwanawe uzeeni, alifariki alfajiri. Asubuhi Anselmo alisimama uani kwa Swaumu, kichwa wazi, soksi zimeanguka.

"Pole sana, Bwana Dresa," alisema Swaumu. Alikuwa akipepeta ufuta. Zena, msichana wa miaka saba sasa, alikuwa akiokota punje zilizoruka.

"Nimezunguka nyumba kumi na moja. Kila nyumba wamenipa pole. Hakuna aliyeshika jembe."

"Watu wana adabu."

"Swaumu, nitukane." Alisogea karibu na ungo. "Nitukane mimi, mtukaneni na mama, azikwe kama mtu."

Ungo uliendelea. Kisha, kwa sababu alikuwa ameyabeba maneno haya miaka saba na mikono ilikuwa imechoka, Swaumu akasema, "Nikutukane kwa uso gani, nawe ulidanganyika? Mimi ndiye niliyekuletea boga. Hata mimi ningecheka."

Anselmo alikaa chini, palepale kwenye makapi. Alimtazama Zena, akatazama pembeni.

"Sikudanganyika."

"Unasema?"

"Nilimsikia akikoroma. Boga halikoromi. Nilijua ni mtoto, na nilijua ni degedege, tangu uliposimama barazani."

Ungo ulitulia mikononi mwa Swaumu.

"Lile boga nililiandika kwenye daftari la wagonjwa," alisema Anselmo. "Kwa kucheka tu. Jina: Boga binti Swaumu. Ugonjwa: kuiva. Akaja Mzungu, Bwana Mkubwa wa dawa, kukagua, akaomba atafsiriwe. Hakucheka. Akaniachia barua. Kwamba nikifungua tena nje ya saa za kazi kwa mwenyeji yeyote, kwa ugonjwa wowote, sina kazi. Hiyo ilikuwa siku tano kabla hujaja." Akajifuta uso kwa kiganja. "Ulipokuja nikaona, nikicheka nitakuwa sijamkataa mtoto. Nitakuwa nimefanya utani."

Kuku mmoja aliingia kwenye ufuta, na hakuna aliyemfukuza.

Swaumu alihisi kitu kikishuka ndani yake, kile kilichokuwa chini ya hasira kikiishikilia juu miaka yote hiyo. Ile hatia ya kofia ya mtoto. Kilishuka, kikaenda zake. Na hasira, kwa kukosa pa kuegemea, ilitua chini kwa miguu yake yenyewe, nzito na tulivu, ikaanza kutazama huku na huku. Ilimwona Anselmo. Ikatazama na nyuma yake, kwa mara ya kwanza, ikaona mtu mwingine amesimama pale, mwenye kofia ngumu na kalamu, aliyekwisha panda gari akaenda zake na hajui hata jina la Zena.

"Barua hiyo unayo?"

"Ninayo."

"Kwa lugha gani?"

"Kiingereza."

"Wewe unakijua. Utaigeuza kwa Kiswahili." Aliweka ungo chini. "Mama yako atazikwa leo. Yeye hakunicheka. Watu wa Mtimbula, wa Likunja, na walioko gulioni Ruangwa, wote watakuwapo. Kwenye msiba wa dresa nani atakosa? Na hao wa chama cha uhuru wanaotutembelea siku hizi kuuliza tunaonewaje, nitawaita. Ukimaliza kuzika, utasimama hapo hapo kaburini uisome barua yote. Na jina la aliyetia saini."

Anselmo alimtazama kwa hofu. "Nikiisoma mbele ya watu, kesho sina kazi."

"Na mwanangu hana masikio."

Swaumu alifunga kanga kiunoni, akaenda kumwambia mjomba wake ashike jembe.

Mama wa dresa alizikwa alasiri, na alizikwa vizuri. Mzee Shaibu alivaa gauni la marehemu, akaiga mwendo wake wa bata, akadai kwamba bibi huyu alimwahidi ndoa na sasa amekimbilia ardhini ili kukwepa. Wapwa zake waliketi ukingoni mwa kaburi na kugoma kutoka mpaka wapewe jogoo. Watu walicheka hata machozi yakapata njia, na Lusia, ambaye hakuwa amelia tangu alfajiri, alilia kwa wingi. Zena naye alicheka, kwa sababu aliona meno ya kila mtu. Lakini hakuna aliyemtania Anselmo mwenyewe. Kicheko kilimzunguka kama maji yanavyozunguka jiwe.

Udongo ulipokwisha kusawazishwa, watu wakaanza kujikung'uta mikono. Vijana wawili wa chama walisimama nyuma, kalamu tayari. Anselmo hakuondoka. Aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, iliyochakaa kwenye mikunjo. Alitafuta uso wa Swaumu katika umati, kama mtu anayeuliza kama bado kuna nafasi ya kusamehewa kazi hii.

Akakohoa. Akaikunjua barua.

Swaumu alipiga goti kwenye udongo mpya, safari hii ubavuni mwa mwanawe. Alimshika Zena kidevu kwa vidole viwili, akamgeuza uso taratibu, ukaielekea midomo ya msomaji.