Mji Usio na Watani

Mcheza kwao hufukuzwa. Najua wahenga walisema hutunzwa, lakini wahenga hawakusoma stashahada ya maendeleo ya jamii, wala hawakukaa kwenye darasa la Mahusiano ya Rangi na Makabila la Dakta Sempombe. Mimi nimecheza kwetu, na tuzo yangu ni karatasi nyeupe iliyo mbele yangu hapa maktaba, saa saba mchana. Kabla ya saa kumi inatakiwa iwe barua ya kuomba radhi, niisome kwa sauti mbele ya wenzangu wote, la sivyo sifanyi mtihani. Kosa langu ni hili: siku tisa zilizopita, kwenye msiba wa baba yake rafiki yangu wa darasani Leokadia Kihwele, nilivaa koti la marehemu, nikatembea kama alivyotembea, bega moja juu, nikajilaza mbele ya jeneza na kusema halipiti, huyu mzee aliniahidi pombe ya ulanzi na amekufa makusudi ili asininyweshe. Nikasema leo mbwa wa kijiji kizima watalala usingizi, adui yao kaondoka. Mimi ni Mngoni, Leokadia ni Mhehe; sisi huwaita wala mbwa, nao hutuita wala panya. Babu zetu walichinjana mpaka wakachoka, na walipochoka wakawekeana utani, kwamba akifa wako mimi ndiye nitakayechimba kaburi, nitakayechota maji, nitakayekuchokoza mpaka ucheke, kwa sababu siku hiyo hakuna mwingine mwenye ruhusa. Nilifanya kazi yangu. Mwanafunzi mmoja akanirekodi kwa simu akampelekea Dakta, na Dakta akaionyesha video hiyo ukutani darasani, chini ya kichwa cha somo la siku hiyo: Lugha ya Chuki. Akasema, kuna nchi ambako watu walikatwa mapanga, na ilianza kama mzaha. Najua, nikamjibu, ndiyo maana sisi tuna kanuni ya nani amtanie nani. Akasema kanuni hiyo haimo kwenye kitini. Ningecheka, ila Leokadia bado yuko kwao matangani, hapokei simu yangu wala hajanipigia tangu siku ile, na hilo ndilo linalonikaba. Ikiwa nilimuumiza kweli, mimi ni mnyama. Nikimwomba radhi bila kumuumiza, nimemwambia kwamba mimi na yeye ni watu baki. Naandika tarehe. Naandika Yah. Kichwa kinakuwa kizito, shavu langu linashuka juu ya kitini, juu ya ukurasa wenye jedwali la makabila, na mistari ya jedwali inaanza kupanuka, inapanuka, inakuwa myeusi na mipana, na mguu wangu unakanyaga mmojawapo nao ni lami.

Natembea. Barabara inanyooka hadi inapokutana na nyingine, nayo inanyooka vilevile, na kati ya barabara na barabara kuna mji uliozungushiwa ukuta, na kila mji una mraba uleule na lango lilelile, na juu ya kila lango limeandikwa jina la kabila. Natembea nusu siku au mwaka, sijui, jua halisogei. Kwenye njia panda amesimama mtu mwenye suti safi ambaye hana uso. Mahali pa uso pana ngozi tupu, laini kama yai lililomenywa. Namwamkia, shikamoo. Marahaba, anasema, na sauti inatokea kifuani. Namuuliza, njia ya kwenda kwa kina Kihwele ni ipi? Anasema, kitendawili. Nasema, tega. Anasema, nina majirani elfu na sina wa kunichimbia kaburi. Nafikiri, nafikiri, sipati. Nipe mji, anasema, kama tunavyosema wote tunaposhindwa, nami nampa Songea, nampa na mtaa wake wa Lizaboni, na anashika mkono wangu ananiingiza langoni. Jibu ni hapa, anasema.

Kuta za mji huu ni vioo. Milango ni vioo, barabara ni kioo, na watu wanatembea wakijitazama, wanapishana bila kugusana, na kila wanapopishana wanasema samahani. Samahani, samahani, kama mvua juu ya bati. Mama mmoja ananiuzia ndizi na kuniomba samahani kwa ndizi, na samahani kwa kuwa yeye ni wa huku, na samahani kama kuniambia kwamba yeye ni wa huku kumenikwaza. Nasema, mama, ndizi zako ni fupi kama mume wa jirani. Ni mzaha mdogo, wa kupita tu. Anashtuka, anaangalia kushoto na kulia, na kwa nukta moja pembe ya mdomo wake inataka kupanda, halafu anaifunika kwa kiganja na kukimbia, na pale anapokiondoa kiganja naona mdomo haupo. Namgeukia yule mtu asiye na uso, kiongozi wangu. Na wewe, namwambia, uso wako uliupeleka wapi? Anatembea kwanza. Barabara inarudi pale tulipotoka, inatuzungusha mbele ya vioo vilevile, na mimi nipo katika vyote. Nilikuwa na kovu hapa, anasema hatimaye, akigusa mahali ambapo paji la uso lingekuwa. Nilianguka mtini nikiwa na miaka saba. Mtani wangu aliniita Mpasuko kwa miaka arobaini, sokoni, kanisani, mbele ya wakwe zangu. Siku moja wakamletea karatasi, akasaini, akaniomba radhi vizuri sana, kwa kalamu ya wino. Nami nikamwomba. Tangu hapo hakuna mtu aliyenitazama usoni. Kitu kisichotazamwa huchoka kukaa.

Tunafika mahali barabara imezibwa. Viti viwili, na juu yake jeneza, na pande zote umati wa watu wenye nguo nyeusi waliosimama kwa adabu, wakisema pole, wakijibiwa ahsante, pole, ahsante, na jembe limelala chini halijaguswa. Namuuliza kiongozi, mbona hawaziki? Anasema, ndugu hawachimbi, wanalia. Watani ndio wachimbao. Hapa watani wameisha. Nasogea. Ndani ya jeneza mtu anagonga, taratibu, kama mtu aliyekaa muda mrefu kwenye foleni. Nani huyo, sauti inauliza, na naijua, ni ya Mzee Kihwele, yenye kikohozi chake katikati. Ni mimi, Eufrasia Mbano. Mngoni? Ndiyo. Jamani, anaita, fungeni maghala, panya wa watu wataliwa! Umati unashika vinywa. Mimi nacheka, na nacheka huku nalia, kwa sababu sikulia msibani, msibani nilikuwa kazini. Nainama karibu na ubao. Mzee, nasema, nimekuja kuuliza jambo moja tu. Nilimuumiza Leokadia? Kikohozi. Mwanangu, anasema, muulize aliyelia, usimuulize aliyelala. Nimekufa, sijawa mhadhiri. Nasema, hapokei simu, mzee. Anasema, basi nizike kwanza, utamuuliza baadaye, mgongo unaniuma. Kwa hiyo naokota jembe. Lami inapasuka kama ukoko wa ugali, chini yake kuna udongo mwekundu, na nachimba, na kila ninapotupa udongo namtukana, namwita mchoyo wa ulanzi, mwoga wa baridi mzaliwa wa baridi, na yeye kutoka ndani ananiita mkimbizi, anasema ukoo wetu ulitembea kwa miguu kutoka kusini ya kusini na hadi leo hatujajua pa kukaa. Kiongozi amesimama tu. Wewe Mpasuko, namwambia, utabaki umesimama kama nguzo ya umeme isiyo na umeme? Shika upande ule! Anavua koti la suti. Anashika. Na tunapoliinua jeneza, chini ya ngozi ile tupu, juu kidogo ya mahali pa jicho, mstari mwembamba unajichora, wa kahawia, wenye alama za nyuzi za hospitali, na ni kovu, ni kovu baya kabisa, na ninamwambia hivyo, naye anatoa sauti ambayo kwanza nadhani ni kilio.

Lango linafunguka kwa kishindo. Wanaingia watatu, nao hawana nyuso, na wa mbele ana karatasi na kalamu. Saini hapa, anasema, ndipo utoke. Imeandikwa kila kitu, jina langu, kabila langu, namba yangu ya usajili, na neno samahani mara elfu kwa herufi ndogo. Nikisaini? Utafanya mtihani, anasema, na utafaulu. Na nisiposaini? Anasema, kitendawili. Sitegi wala sitegewi, namwambia, jibu kama mtu. Nisiposaini? Anaipekua karatasi yake mbele na nyuma. Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza. Nairudisha kalamu mfukoni mwake kwa mkono wenye udongo, na nikigeuka kuendelea na kaburi, ukingo unameguka chini ya miguu yangu.

Naanguka kwa muda mrefu na natua nimesimama. Kelele za viti. Ni ukumbi namba tatu, saa ya ukutani inasema kumi na dakika mbili, na nipo mbele ya darasa nikiwa na karatasi mkononi yenye tarehe na Yah. tu, na sikumbuki kutoka maktaba, sikumbuki ngazi wala mlango. Jua la alasiri linaingia kwa madirisha ya nyuma na kupiga macho yangu, kwa hiyo wanafunzi wote sabini ni mabega na vichwa, na pale nyuso zingekuwa kuna mwanga mtupu. Naweza kuwa nimeamka. Naweza kuwa nimehamia mji mwingine wa jedwali. Bi Mbano, anasema Dakta Sempombe kutoka upande wangu wa kushoto, kwa upole, maana si mtu mbaya, tunakusubiri. Kutoka safu ya mwisho kabisa mtu mwenye kitambaa cheusi kichwani anakohoa. Soma basi, we mla panya, anasema, sauti imekwaruzwa na kilio cha siku nyingi, au unataka tukuletee na koti? Mtu mmoja anacheka, kisha anajizuia. Dakta anagonga meza. Dada huko nyuma, tafadhali, hayo ndiyo tunayojaribu kuyaondoa. Sioni uso wa aliyesema. Nakaza macho na sioni. Inawezekana ni Leokadia, amerudi leo kwa basi la asubuhi. Inawezekana sauti ile bado inatoka upande ule mwingine, kule ninakodaiwa kaburi lililochimbwa nusu. Vyovyote iwavyo, nimeulizwa swali moja katika dunia zote mbili, na mimi si mtu wa majibu mawili. Nakunja karatasi. Bi Mbano, anasema Dakta, nakuuliza mara ya mwisho mbele ya wenzako, unaomba radhi au huombi?

Siombi.