Shanga za Kijani za Mama Vichupa

Kila baada ya wiki mbili watengenezaji wa programu mpya ya kusajili wagonjwa na sampuli walikuja hospitalini na kompyuta yao, wakaonyesha walichoongeza, wakanywa chai, kisha wakapitisha visanduku. Kila idara ilikuwa na chake. Ukiridhika unadondosha ushanga wa kijani, usiporidhika mwekundu. Mwanamke wa maabara, ambaye wauguzi walimwita Mama Vichupa, alikuwa amedondosha wa kijani mara saba. Si kwamba aliridhika. Aliona vibaya kumwaibisha mtu akiwa na kikombe mkononi.

Alichotaka kilikuwa kitu kimoja, na alikitaja tangu siku ya kwanza: ukikosea kuandika taarifa za sampuli, uweze kurekebisha. Kwenye programu ile, ukishabonyeza "Hifadhi", ndiyo basi. Kiongozi wa timu, waliyempachika jina la Bwana Kadi kwa sababu kila ombi alilibandika ukutani kwenye kadi, aliliandika hilo kwa mwandiko mzuri. Lakini kila awamu kadi ile ilishushwa kidogo, ikipisha rangi mpya za skrini, grafu za mkurugenzi, na nembo inayozunguka. Sasa ilikuwa imefika karibu na soketi ya umeme.

Mara ya nane walikuja kukabidhi kazi. Kuanzia Jumatatu daftari la maabara, lililoandikwa kwa mkono, lingefungiwa kabatini. Bwana Kadi alionyesha mchoro uliopanda vizuri, akasema wateja wameridhika kwa asilimia tisini na sita, hasa maabara, ambayo haijawahi kutoa ushanga mwekundu hata mmoja.

Mama Vichupa alihisi masikio yakimwaka moto. Wiki iliyopita, katika majaribio, majibu ya damu ya mwanamke mmoja yalitoka kwa jina la binti mwingine, kwa kosa la kuandika ambalo programu ilikataa kulirekebisha. Aliyawahi mlangoni kwa sababu tu ya daftari. Bila daftari, binti wa watu angekwenda nyumbani kumeza dawa zisizo zake. Na hawa walikuwa wamechukua ustaarabu wake wakauchorea grafu.

Mkurugenzi wa hospitali alikuwa ameshatoa kalamu asaini kuipokea programu.

"Mzee, kabla hujasaini," Mama Vichupa alisema kwa sauti yake ileile ya chini, "naomba nikusajili."

Akaketi kwenye kompyuta, skrini yake ikionekana ukutani kwa wote. Akaandika jina la mkurugenzi na umri wake. Mahali pa jinsia akachagua mwanamke, mahali pa hali akachagua mjamzito. Akabonyeza Hifadhi. Mashine ya lebo ikakoroma, ikatoa kikaratasi. Akakibandika kwenye kichupa kitupu, akamkabidhi mwenyewe.

Muuguzi mkuu aligeukia dirishani, mabega yakimtikisika.

Mkurugenzi alisoma mara mbili. "Mama, nitoe humo."

"Sina uwezo huo. Muulize mwanangu huyu. Kadi ya kukutoa iko kule chini, kwenye soketi."

Bwana Kadi alivuta kompyuta, akabonyeza huku na kule, kisha akamwinamia mwenzake, dada aliyeandika programu yenyewe. Dada yule akasema, bila kuinua macho, kwamba alishamwambia mara tatu. Bwana Kadi akakohoa. Akaeleza kuwa ombi ni la haki kabisa, ila wasaini leo, marekebisho yatafuata baada ya wiki mbili. Tena mama mwenyewe awamu zote hizo hakuwahi kulalamika.

"Nimekwambia kwa mdomo mara saba," alisema Mama Vichupa. "Wewe ulikuwa unahesabu shanga."

Akakivuta kisanduku cha maabara, akazimimina zote saba mezani. Mmoja ukabingirika mpaka miguuni kwa Bwana Kadi.

"Hizi zilikuwa heshima tu. Kosa langu hilo, nalikubali. Hazirudi humo."

Mkurugenzi alirudisha kalamu mfukoni. "Wiki mbili?" aliuliza. "Mimi nikae na mimba wiki mbili?"

Hakuna aliyethubutu kucheka. Dada wa programu alikuwa keshapiga magoti kando ya soketi, anaibandua kadi. Mama Vichupa hakungoja kuona ingebandikwa wapi. Alirudi maabara, ambako watu walikuwa wakisubiri kwenye benchi, akafungua daftari lake, akamwita wa kwanza.