Safisha Bibi Zote

Kaka yangu alipoingia chumba cha kuhariri asubuhi ile, alinikuta nimekodolea macho folda tupu. Tupu kweli, siyo ile ya kusema labda faili zimejificha mahali. Tupu kama mfuko wa suruali iliyotoka kufuliwa.

"Bibi yuko wapi?" nikamuuliza.

"Nyumbani, anapumzika."

"Siyo huyo. Huyu wa humu ndani."

Nieleze kidogo. Bibi ni mama yake baba. Kaka alipopata kampuni ya kurusha tamthilia yake mtandaoni, alimpa Bibi nafasi ya bibi mkorofi anayetawala nyumba kwa mdomo. Watu wakashangilia, wakasema mama huyu anajua kuigiza. Sisi wajukuu tulicheka kimoyomoyo. Bibi hakuigiza hata siku moja, alijipunguza tu ili afae kwa watoto.

Halafu koo likaanza kumsumbua. Madaktari wakamtoa uvimbe, na sauti ikaondoka nao. Si kwamba imekauka. Imekwisha. Bibi aliyekuwa akikuita kutoka jikoni na majirani wakaitika, sasa anapiga meza akitaka chumvi. Bahati nzuri sehemu ya mwisho tulikuwa tumeipiga picha kabla hajalazwa, na kampuni iliitaka kabla wiki haijaisha. Ndani yake ndimo lilimokuwa neno lake la mwisho, yeye ambaye maisha yake yote hajakubali mtu mwingine awe nalo.

Na folda yake ilikuwa tupu.

Kaka akafungua mlango akaita, "Kufuli!"

Kufuli ni dada anayetunza ghala letu la picha. Tulimpa jina hilo kwa sababu hata uombe picha ya kivuli chako mwenyewe, atakuuliza unaipeleka wapi. Akaja na kikombe chake cha chai, uso umekunjuka.

"Bibi tumemweka wapi?" Kaka akauliza.

"Si nimeshasafisha?"

Kaka akamsogelea.

"Umesafisha nini, dada yangu?"

"Bibi zote. Kama ulivyoagiza."

Akatoa simu. Kwenye kundi letu la kazi, ujumbe wa Kaka ulikuwa pale, peupe: *Safisha Bibi zote. Leo.* Chini yake Kufuli ameuliza: *Zote?* Kaka kajibu: *Zote. Hasa za jikoni.* Kufuli tena: *Una uhakika, bosi?* Na Kaka, Mungu amsamehe, akaandika: *Dada, fanya kazi yako, usinifundishe yangu.* Na kidole gumba juu.

Sasa sikiliza. Kwa watu wa sauti, kusafisha ni kuondoa kelele. Kule jikoni kulikuwa na jokofu linalonguruma kama lina kisa na mtu, na Kaka alitaka ngurumo ile itoke kwenye maneno ya Bibi. Lakini kwa mtunza ghala, kusafisha ni kufuta. Kadi ya kamera ikishahamishwa, inasafishwa. Diski ya kazi iliyokwisha, inasafishwa. Kaka aliandika neno moja kwenye kundi lenye watu wa kila namna, na kila mmoja akalisoma kwa macho ya kazi yake.

"Umefuta," Kaka akasema taratibu.

"Nimesafisha."

"Umefuta, Kufuli!"

"Bosi, usinipandishie sauti. Nimekuuliza mara mbili!"

Akausoma tena ujumbe ule kwenye simu. Nadhani ndipo naye alipoelewa.

"Zinarudishika," nikasema haraka. "Faili zikifutwa huwa zinarudishika."

"Hizi hazirudi." Sauti ya Kufuli ilikuwa imeshuka. "Kampuni yenyewe imesema kwenye masharti, picha ikifutwa iandikiwe takataka juu yake mpaka isisomeke, isije ikavuja. Nimeandika juu yake."

"Nakala ya pili?"

Hapo mimi mwenyewe nikakaa chini, maana jibu nilikuwa nalo. Diski ya pili tuliifunga iwe kioo cha ile ya kwanza. Ukiweka kitu huku, na kule kinatokea. Tulijisifu sana kwa hilo. Hakuna aliyefikiria kwamba ukitoa kitu huku, kioo nacho kinatii. Tulikuwa na nakala mbili za kutokuwa na kitu.

Zilibaki zile nakala nyepesi, ndogo, za kuangalia tu wakati wa kuhariri. Nikafungua moja. Bibi akatokea jikoni akiwa na ukungu, kama amepigwa picha kupitia soksi, na namba za kuhesabia zinakimbia katikati ya paji la uso. Sauti zilikuwa bubu, hatukuhitaji sauti kuchagua picha. Mkaguzi wa kampuni anarudisha kazi kwa sababu ya doa dogo ukutani. Huyu mwenye namba kichwani angemfanyaje?

Kaka akakaa sakafuni. Mtu mzima, mwenye ndevu, na shati la kupigwa pasi.

"Nimemfuta bibi yangu," akasema. "Kwa mkono wangu. Na kidole gumba nikaweka."

Ndipo mlango ukafunguka akaingia Masikio, fundi wetu wa sauti, vidude vya kusikilizia vimening'inia shingoni, meno yote nje.

"Jamani, nimemaliza! Bibi zote nimesafisha!"

Sijui nani alipiga kelele kwanza. Kufuli aliachia kikombe kikapasuka. Kaka aliruka kutoka sakafuni akamshika Masikio kola.

"Na wewe? Na wewe umesafisha?"

"Si... si umesema mwenyewe? Hasa za jikoni!"

"Umesafisha vipi? Sema! Vipi?"

"Nimetoa jokofu! Niachie, shati la mkopo hili!"

Kaka akamwachia. Masikio hurekodi sauti kwa kinasa chake mwenyewe, mbali na kamera, na hupeleka kwenye kompyuta yake mwenyewe. Ghala la Kufuli halikuwa limeigusa. Masikio akachomeka waya, akabonyeza.

"Mmeuza nyumba, na mimi nikiwa ndani?"

Bibi. Mzima, karibu, bila ngurumo nyuma yake. Kufuli akafunika uso kwa mikono miwili.

Kwa hiyo sauti tulikuwa nayo, na sura ilikuwa nyumbani inapumzika. Tukamfuata. Nilisukumwa mimi niseme, kwa vile nimerithi jina la babu, kwa hiyo kwa utani wake mimi ni mume, na mume hapigwi hadharani. Nikamweleza yote. Bibi akamtazama Kaka, akachezesha midomo bila sauti, nikaisoma vizuri: *Hata za jikoni?* Kisha akampiga kofi la kisogo, akaenda kuvaa.

Tulipanga aigize upya huku sauti yake ikipigwa, afuatishe kwa midomo. Jiko ni lilelile, kiti kilekile, na waigizaji wawili wanaocheza wanawe tuliwaita. Kaka akasema anza. Masikio akabonyeza.

"Mmeuza nyumba..."

Bibi hakuchezesha mdomo. Mkono wake ulipanda shingoni ukabaki hapo. Hakuna kati yetu aliyewaza kwamba tangu atoke hospitali hakuwahi kujisikia tena akiongea. Tulibeba sauti yake tukamrushia usoni kama maji.

"Kata," Kaka akanong'ona. "Bibi, tuache. Nitawaambia kampuni basi."

Bibi akapiga meza. Akamwelekezea Masikio kidole: rudia. Akarudia. Midomo ikachelewa. Rudia. Ikawahi. Mkaguzi asingekubali hata nusu ya neno lipishane, na tuliona Bibi analijua hilo, kwa jinsi alivyokuwa akizidi kukasirika.

Kisha akainuka, akakigeuza kiti. Akakaa akiwa ametugeuzia mgongo, sisi na kamera yetu, akatazama dirisha. Akainua mkono mmoja: piga.

"Mmeuza nyumba, na mimi nikiwa ndani?"

Shingo yake ilinyooka kwenye neno *nyumba*. Mabega yakasimama kwenye *mimi*. Mdomo haukuonekana, na hakuna aliyeuhitaji. Waigizaji wale wawili walirudi nyuma hatua nzima, jambo ambalo hatukuwaelekeza. Sauti ikaendelea kutoka kwenye mgongo ule mpaka neno la mwisho.

Kaka alisahau kusema kata.