Kadi ya Chiriku

Wifi yangu alianza kuujali ugonjwa wa mwanangu pale getini, aliposikia kwamba unatuondoa kwenye foleni.

"Kumbe!" alisema, akawageukia wanawe watatu. "Mshikeni mwenzenu mkono, asije akaanguka."

Mwanangu ana seli mundu. Jua, kiu na kusimama sana humwamshia maumivu ya mifupa, na yakiamka tunalala hospitali. Nyumbani tulimwita Chiriku kwa maneno yake mengi, lakini tangu alipotoka wodini mara ya mwisho alikuwa akijibu kwa kichwa tu. Nilimleta kwenye bustani ya mabembea nikitumaini atasema neno. Hata kutumaini kwenyewe nilikuwa nakufanya kama mtu anayefua: mikono inakwenda, mwenyewe hayupo.

Mhudumu wa dirishani alimvisha kadi ya bluu shingoni, akatueleza utaratibu. Mwenye kadi na watu wanne watangoja zamu yao kwenye chumba cha kivuli, penye viti na maji. Lakini zamu ya bembea ikifika, mwenye kadi lazima apande.

"Wanne ndio sisi," alisema wifi, akijihesabu pamoja na wanawe.

Ningesema kitu. Mdomo ulikuwa mzito, nikabaki nje ya kamba na chupa ya maji mkononi. Wifi si mbaya, ana pupa tu.

Wakapanda farasi wa mbao, wakapanda vikombe vinavyozunguka, wakapanda mashua. Binamu zake waligombana kuhusu linalofuata, na mwanangu akavutwa huku na huku kwa ile kadi. Mgonjwa haulizwi uji, wanasema. Siku hiyo hakuulizwa hata bembea. Niliyaona yote na sikuhisi chochote. Moyo ulikuwa umekufa ganzi kitambo.

Mwisho likaja gurudumu kubwa. Hilo tulikuwa tukiliona kutoka dirisha la wodi, na watu chini yake wamejipanga kama siafu. Mwanangu alikuwa akiwatazama mpaka dawa zinamlaza.

Kabla ya kuingia chumba cha kivuli alisimama, akavua kadi, akaniwekea kiganjani.

"Mama, mimi nataka kupanga foleni."

Sentensi nzima.

"Makubwa!" wifi akadakia. "Watu wanaililia bahati hii, wewe unaitupa? Na wenzako je?"

"Bila yeye kadi haimpandishi mtu," alisema mhudumu wa gurudumu.

"Wifi, sema na mwanao!"

Foleni ilikuwa ndefu na jua lilikuwa kali. Nilijua maumivu huanzia wapi: magotini, halafu mgongoni, halafu kelele. Nilijua pia kwamba nikimrudishia kadi ataivaa bila ubishi, na atanyamaza tena, labda moja kwa moja.

"Una kiti cha kukunja?" nikamuuliza mhudumu.

"Kipo, na mwavuli. Mtakuwa mnasogea navyo."

Tukaenda nyuma kabisa ya foleni. Chiriku akakaa, nami nikamshikia mwavuli. Wifi na wanawe wakaja nyuma yetu wakinung'unika. Tukasogea hatua kwa hatua. Kisha Chiriku akamgusa mama aliyekuwa mbele yetu.

"Wewe ulishawahi kupanda? Kule juu unaiona hospitali? Dirisha langu ni la pembeni, lenye pazia lililochanika. Ukifika juu nipungie mkono. Aa, leo sipo! Basi mpungie atakayekuwepo."

Yule mama akacheka, akaahidi. Foleni ikasimama. Wifi akajisogeza, akakigonga kiti, na mwanangu akageuka.

"Shangazi, usisukume. Kila mtu na zamu yake."

Nikacheka kwa sauti mpaka watu wakageuka. Halafu nikayaangalia magoti yake madogo chini ya mwavuli, na hofu ikaniingia, hofu kali ya usiku unaokuja. Nilikuwa nimesahau kuogopa.

"Mama," alisema, "tusogee, wametuacha."