Diski Haikutosha

Mume wangu Gerardo alishika kamera, mimi nikachoma diski. Ndivyo tulivyogawana kazi tangu tulipofungua duka letu la video la chumba kimoja pale Biblián, mji wetu mdogo wa milimani, mkabala na soko. Wateja wetu wengi hatukuwahi kuonana nao uso kwa uso. Walikuwa New York au Hispania, wakiosha vyombo na kupaka kuta za watu rangi, na hawakuweza kurudi kwa sababu hawakuwa na karatasi za kuishi kule. Kwa hiyo mtoto akibatizwa, mzazi akizikwa, au sherehe ya mtakatifu ikifika, Gerardo alikwenda na kamera yake, na wiki mbili baadaye diski ilikuwa njiani kwenda kwa mtu aliyeilipia.

Kamera ilitumia kaseti ndogo za saa moja moja. Kuiingiza kaseti kwenye kompyuta hakuna njia ya mkato: inacheza mwanzo hadi mwisho, saa moja kwa saa moja, nami nakaa pale nikimenya maharage huku naangalia. Wanawake wengine hujiuliza waume zao wakitoka wanatazama nini. Mimi sikuwa na haja ya kujiuliza. Wangu aliniletea mwenyewe, kwenye mfuko wa koti.

Picha ikishaingia inakuwa kubwa mno, lazima uibane. Ukiibana kidogo inabaki safi, lakini saa moja tu ndiyo inatosha kwenye diski. Ukiibana sana unaweza kuingiza hata saa tatu, ila watu wakianza kucheza nyuso zao zinavunjika miraba midogo midogo, hujui nani ni nani. Kompyuta yetu ya wakati huo, mwaka 2005, ilikuwa inasaga siku nzima kubana sherehe moja. Baada ya hapo ndipo unachoma, na kama umeme ukiyumba diski inakufa. Zilizokufa mama mkwe alizitundika kwenye mahindi kufukuza ndege.

Desemba ile mwenye sherehe ya Mtoto Yesu, yaani anayeigharamia mwaka huo, alikuwa Abelardo Tenezaca, lakini Abelardo alikuwa New York mwaka wa tisa. Aliyesimama badala yake ni mke wake, Luzmila, niliyesoma naye kwa masista. Ndiye aliyebeba sanamu ya Mtoto kutoka kanisani hadi nyumbani kwake, nyuma ya bendi ya matarumbeta, farasi waliopambwa kwa peremende na pesa, na watoto waliovaa mabawa. Gerardo alirudi na kaseti tatu zilizojaa.

Sauti nilikuwa naizima. Ukishasikiliza matarumbeta ya sherehe arobaini, nawe utaizima. Nikawasha kaseti ya kwanza, nikachukua bakuli la maharage.

Mwanzoni sikuona kitu. Kanisa, mishumaa, Luzmila. Barabara, bendi, Luzmila. Halafu nikaanza kuona jinsi kamera inavyorudi. Inakwenda kwa padre, inarudi. Inakwenda kwa farasi, inakaa kidogo kwa adabu, inarudi. Mikono yake chini ya sanamu. Shingo yake, pale msuko unapoanzia. Kuna mahali alikanyaga jiwe akayumba, na kamera nayo ikayumba, kana kwamba aliyeishika alitaka kunyoosha mkono amdake.

Luzmila si mzuri kunishinda. Hilo nalisema bila majivuno, hata shuleni ilijulikana. Lakini ana namna ya kucheka akiwa ameshaanza kufumba mdomo, kama mtu aliyekumbuka kuwa yuko kanisani, na Gerardo alikinasa kile kicheko mara sita.

Siku ile mchana nilimwekea supu mezani.

"Luzmila amependeza," nikasema.

"Nani?"

"Luzmila. Yule ambaye kaseti zote tatu ni yeye."

"Si ndiye mwenye sherehe, Mama Nube? Ulitaka nimpige picha nani, farasi?"

"Farasi umempa dakika mbili. Na alivyopambwa, angalau tano."

Alicheka, akasema supu haina chumvi. Angekasirika ningepona. Mtu asiye na kitu cha kuficha hukasirika, ndivyo nilivyojiambia, nikamsogezea chumvi.

Kesho yake nilifungua sauti kutafuta mahali padre anapoanza kubariki, ili nikate hapo. Katikati ya matarumbeta nikamsikia mume wangu, karibu kabisa, kwa sababu mwenye kamera ndiye anayesikika kuliko wote.

"Geuka kidogo, Luzmi. Hapo hapo. Usiondoke."

Luzmi. Mimi tangu Nube azaliwe ni Mama Nube, na kabla ya Nube nilikuwa Etelvina, lote zima, kama kwenye kitambulisho. Miaka ishirini ya ndoa sijawahi kukatwa jina hata kidogo. Nikazima sauti. Maharage niliyamenya mpaka kidole kikatoka damu.

Basi nikaanza kukata. Saa tatu haziingii kwenye diski moja bila kuharibika, kwa hiyo kukata ni kazi yangu, hakuna wa kuniuliza. Nilianza na shingo. Nikafuata mikono. Kila uso wake ulipojaa kwenye kioo nilikata, nikaunganisha na bendi, na farasi, na watoto, na mbwa wa jirani Mama Digna akilala katikati ya njia. Niliacha kofia yake ikionekana kwa mbali, na mgongo. Mwisho wa kaseti ya tatu alikuwa amekaa kwenye benchi uani kwake, viatu amevua, anamtazama aliyeshika kamera machoni, midomo inacheza, halafu anatabasamu. Hata sauti sikufungua. Nilikata kuanzia anapokaa.

Ilikuwa kazi safi. Nusu yake haikuwepo na hukuweza kuona mshono. Ikabaki saa moja na nusu, ikabanwa vizuri, hakuna mraba hata mmoja. Nikachoma mbili, moja ya New York na moja ya Luzmila mwenyewe, nikaandika majina kwa kalamu.

Kawaida kaseti tulizitunza mpaka mteja aseme amepokea na ameridhika. Mimi nilizipeleka kwa Gerardo Ijumaa ile ile.

"Hizi nimemaliza nazo," nikamwambia. "Zitumie tena kwenye harusi ya kule kijijini Nazón."

"Umemaliza kweli?"

"Nimemaliza."

Na kwenye kompyuta nikafuta kila kitu.

Wiki ya tatu ya Januari Luzmila alikuja dukani. Alikaa kwenye kiti cha wateja, kofia akaishika mapajani.

"Shoga, Abelardo amepata diski," akasema.

"Ameipenda?"

"Ameniuliza nilikuwa wapi."

Nikaacha nilichokuwa nafanya.

"Anasema nimeonekana mara tatu, zote kwa mgongo. Anasema aliyebeba Mtoto ana kofia kama yangu, lakini uso hauonekani hata mara moja. Anataka kujua nilimpa nani abebe, na saa zile mimi nilikuwa wapi, na nilikuwa na nani. Dada yake anaishi naye kule, amemjaza maneno. Nimemwambia nilikuwa pale, nikamwapia. Akakata simu. Leo siku ya kumi na moja hajapiga."

"Diski haikutosha," nikasema. "Saa tatu kwenye diski moja, dada, lazima ukate."

"Najua lazima ukate." Sauti yake haikupanda. "Lakini nimeiangalia ya kwangu. Padre ametosha. Farasi ametosha. Hata mbwa wa Mama Digna ametosha."

Niligeuza uso kwenye kompyuta.

"Nionyeshe kaseti, Etelvina. Nimtumie hata kipande. Kile nilichomsemesha pale uani, kile tu."

"Ulimsemesha nani?"

Alinitazama kama mtu asiyeelewa swali. "Abelardo. Si ndiye aliyepiga simu akamwomba Gerardo? Alimwambia asipige picha bendi wala padre, anipige mimi, kwa sababu picha yangu aliyonayo ni ya kabla ya kuondoka. Gerardo hakukuambia?"

Hakuniambia. Alikuwa mlangoni wakati huo huo, na betri za kamera mkononi, amesikia yote. Alitutazama sote wawili, kisha akanigeukia mimi.

"Kaseti ziko wapi?"

"Ulizitumia Nazón."

"Wewe ndiye uliyeniambia nizitumie."

"Mimi ndiye niliyekuambia."

Gerardo alikwenda kwenye meza yake. Alitoa zile kaseti tatu kwenye droo, akaziweka kwenye kamera moja moja, akazisukuma mbele. Ya kwanza ilikuwa bibi harusi wa Nazón mwanzo hadi mwisho. Ya pili vilevile. Ya tatu ilikuwa watu wakila simbilisi wa kuchoma, halafu mvua, watu wakikimbilia ndani na meza vichwani. Mvua ile ilimfanya Gerardo azime kamera mapema. Picha ikakatika, ikawa nyeusi kidogo, kisha ukatokea ua wa Luzmila na benchi.

Dakika kumi na mbili zilikuwa zimebaki. Gerardo akaunganisha spika.

"Abelardo," Luzmila wa kwenye kioo akasema. "Gerardo anasema nikutazame wewe, nisimtazame yeye, lakini hapa mimi naona kioo tu. Haya. Nimenenepa, usishtuke. Jino la huku nimeng'oa. Binti yako amekataa kuwa malaika, anasema mabawa yanamwasha, akawa mchungaji. Chumba cha juu nimekipaka kijani. Kama hukipendi, utakipaka mwenyewe ukirudi."

Hapo kwenye kurudi ndipo alipotabasamu. Kisha akaendelea, habari za ng'ombe, za paa, za mguu wa mama yake Abelardo, mpaka kaseti ikaisha.

Luzmila aliyekuwa dukani alikuwa anatazama sakafu. Alivaa kofia yake.

"Nichomee hicho," akasema, akatoka.

Tulibaki wawili. Gerardo alikuwa anaikunja waya polepole.

"Kwa nini hukuniambia alipiga simu?" nikauliza.

"Sikudhani ni la kusema. Kazi ni kazi."

"Na Luzmi?"

Alimaliza kukunja waya. "Mtu ukimwita kwa upole uso unalegea. Nimewaita hivyo wengi."

"Mimi hujawahi kuniita."

"Wewe sijawahi kukupiga picha, Mama Nube."

Ilikuwa kweli. Kaseti zote zile, miaka yote ile, mimi simo hata kwenye kona.

"Ulipenda kumtazama?"

Nilitaka aseme hapana. Angesema hapana ningemtukana mwongo na tungemaliza. Aliiweka waya mezani.

"Abelardo aliniomba nimtazame kwa niaba yake," akasema. "Saa ya kwanza nilifanya kama kazi. Baadaye, ndiyo, nilipenda. Ikaisha pale pale."

Sikumtukana. Nilikaa kwenye kompyuta nikaingiza zile dakika kumi na mbili, sauti ikiwa wazi. Zilikuwa chache mno hata hakukuwa na haja ya kubana. Nilizipa diski nzima, nafasi yote, picha safi kuliko zote nilizowahi kutoa hapo dukani. Ungeweza kuhesabu nyuzi za shali yake. Ungeona pengo la lile jino. Nilimtengeneza awe mzuri hivyo kwa mikono yangu mwenyewe, nikiwa na wivu ule ule, na sikuharakisha. Chini ya jina nilitia kikaratasi: ndugu Abelardo, ile ya kwanza niliikata mimi Etelvina, mkeo ndiye aliyebeba Mtoto tangu mlango wa kanisa hadi nyumbani, nimeona kila hatua. Sikuandika sababu. Nadhani aliielewa, maana wanaume walioko mbali huielewa upesi.

Baada ya siku tano akampigia Luzmila. Hakuomba radhi. Alisema rangi ya kijani ni mbaya, wakagombana saa nzima juu ya rangi. Nilisikia kwa wengine, maana Luzmila mwenyewe hakuja kunisimulia.

Pasaka Abelardo aliagiza diski nyingine. Luzmila alikubali, kwa sharti moja: kaseti zikishaingia kwenye kompyuta zirudi kwake, azitunze yeye. Nilimpelekea mwenyewe, zimefungwa kwenye karatasi. Alizipokea mlangoni. Akaniuliza Nube anaendeleaje na masomo ya uuguzi kule Cuenca, nikamjibu, nikaondoka. Mpaka leo ananisalimia sokoni vizuri tu, lakini shoga hajaniita tena.

Na Gerardo, mwezi ule ule wa Pasaka, asubuhi moja jua lilipokuwa linaingia dirishani, alichukua kamera akanipiga picha mimi nikiwa kwenye meza yangu na bakuli la maharage. Nilimwambia aache upuuzi, nina kazi. Akaendelea. Hakuniita kwa jina lolote. Alipomaliza alitoa kaseti, akaniwekea mezani, akaenda zake kwenye ubatizo huko Déleg.

Iko kwenye droo. Kuiingiza ni saa moja kwa saa moja, na ningeona kila kitu alichotazama, na muda gani alikaa, na wapi alihamisha macho akatazama dirisha. Sijaiweka kwenye mashine.